Mama wa kambo wa kwenye filamu, na wewe wa Tandahimba

Swali: Mimi ni mama wa miaka 34, naishi Tandahimba. Miaka miwili iliyopita niliolewa na mwanamume mwenye watoto wawili, binti wa miaka 12 na mdogo wake wa kiume wa miaka 8. Nami nilikuja na mwanangu wa miaka 6. Mama yao yu hai, ameolewa Newala. Jioni huwa tunaangalia filamu wote pamoja. Za kwetu zikimwonyesha mama wa kambo, basi ni wa kuchoma watoto na pasi na kuwanyima chakula, na yule binti hunitupia jicho. Za Kizungu za siku hizi ni tofauti. Mwanzo wanagombana, mwisho wanakumbatiana na kuwa familia moja. Hizo ndizo zinazoniumiza zaidi, kwa sababu sisi huu mwaka wa pili na hatujafika huko. Binti ananiita mama fulani, kwa jina la mwanangu, kama vile mimi ni jirani. Mume wangu anasema nivumilie. Je, filamu zipi zinasema kweli? Niwazuie kuziangalia? Na je, nimtake aniite mama?

Jibu: Dada yangu, uliposema filamu nzuri ndizo zinazokuumiza kuliko mbaya, umegusa penyewe. Filamu za zamani zilimsingizia mama wa kambo moyo mbaya. Za sasa zimemsafisha moyo, lakini zinakosea mambo mawili makubwa: muda unaohitajika, na kazi ya mume. Nitakueleza kwa kirefu, kwa sababu nikisoma barua yako naona umebeba mzigo ambao nusu yake si wako.

Tuanze na huyo mwanamke wa pasi. Ana ukoo mrefu. Bibi zetu walitusimulia ngano za binti yatima anayetumwa kisimani na mama wa kambo, kibuyu kinampasukia njiani, anaogopa kurudi nyumbani. Ulaya nao walikuwa naye. Ndugu wawili wa Kijerumani, Jacob na Wilhelm Grimm, walichapisha kitabu chao cha ngano mwaka 1812. Katika toleo hilo la kwanza, malkia anayetaka kumuua Snow White ni mama yake mzazi. Katika toleo la mwaka 1819 ndipo alipogeuzwa kuwa mama wa kambo. Hata Hansel na Gretel, wale watoto waliotelekezwa msituni, mwanzoni aliyetoa shauri la kuwatupa alikuwa mama aliyewazaa. Matoleo ya baadaye yakamfanya wa kambo. Wachambuzi wa ngano wanaeleza kwamba vitabu vile vilikuwa vimeanza kusomwa na watoto, na ndugu hao hawakutaka mama mzazi aonekane katili kiasi hicho. Ukatili ukahamishiwa kwa mwanamke asiye na wa kumtetea. Disney wakaichukua Snow White ikiwa imeshageuzwa, wakaitoa mwaka 1937, kisha wakatoa Cinderella mwaka 1950, na picha hiyo ikazunguka dunia nzima.

Kwa hiyo binti anapokutupia jicho, anakutazama kupitia picha iliyochorwa zamani sana, wala haikuchorwa kwa ajili yako.

Filamu zetu za Bongo zina sababu zao pia. Nyingi zimepigwa kwa fedha kidogo, siku chache, nyumba moja ya kuazima. Adui lazima ajulikane dakika ya kwanza. Mtazamaji akiona kucha ndefu, wigi, na mtu anayekaa kwenye sofa akimtuma mtoto maji, ameshajua nani ni nani, na hadithi inakwenda. Sisemi ukatili haupo. Upo, na katika kazi yangu ya ushauri nimekaa na watoto walioupata. Lakini wengine walitendewa hivyo na mama waliowazaa, wengine na wajomba, wengine na baba. Mtoto anayeungua mkono anahitaji ofisi ya ustawi wa jamii ya halmashauri na dawati la jinsia na watoto la polisi, awe ameunguzwa na nani.

Sasa nikuombe kitu. Mtakapoangalia tena filamu ya namna hiyo, jiulize baba yuko wapi. Kwenye Cinderella amekufa. Kwenye Snow White haonekani kabisa. Kwenye Hansel na Gretel yupo, na anakubali watoto wapelekwe msituni. Kwenye filamu zetu yuko safari ya kikazi. Anaondoka na begi dakika ya kumi, anarudi mwisho akiwa na zawadi na hasira, anamfukuza mwanamke, anamkumbatia mtoto, na watu kibandani wanapiga makofi. Hakuna anayemuuliza kwa nini kwa muda wote ule hakujua mtoto wake anakula nini. Nasikitika kusema kwamba hapa ndipo filamu zinapofanana sana na nyumba ninazozijua.

Filamu za miaka hii zimebadilika kweli. Mwaka 2005 watafiti wawili wa Marekani, Kim Leon na Erin Angst, walichapisha uchambuzi wa filamu za kati ya 1990 na 2003, wakakuta nyingi bado zinazionyesha familia hizi kwa ubaya, au ubaya na uzuri vikiwa vimechanganyika. Lakini tangu hapo upepo umegeuka. Baba wa kambo amekuwa mtu mwema anayejitahidi. Kwenye Ant-Man ya mwaka 2015, ambayo vijana wengi wameiona, baba wa kambo mtarajiwa wa binti wa shujaa ni polisi, na mwisho wa filamu yeye na baba mzazi wanakaa meza moja. Mwaka huohuo Daddy's Home ilionyesha baba wa kambo na baba mzazi wakishindana kununua mapenzi ya watoto kwa zawadi mpaka wakajikuta marafiki. Kwenye Blended ya mwaka 2014 familia mbili zinakutana mapumzikoni Afrika Kusini, na safari moja inatosha kuwafanya wawe kitu kimoja. Ziangalieni mkacheke. Usizitumie kujipima.

Kuna moja nataka tukae nayo, kwa sababu naamini inakuhusu. Inaitwa Stepmom, ya mwaka 1998, ameiongoza Chris Columbus. Julia Roberts ni Isabel, mpiga picha kijana anayeishi na mwanamume aliyeachana na mkewe. Susan Sarandon ni Jackie, mama wa watoto hao wawili, Anna na Ben, na Jackie anaumwa saratani. Isabel anakosea mambo mengi. Siku moja yuko kazini, Ben anampotea bustanini, na Jackie haoni sababu ya kumsamehe. Anna, binti mkubwa, anamchukia waziwazi. Lakini kipande kilichonikaa mimi ni kidogo mno. Ben, yule mdogo, anamwambia mama yake kwamba kama anataka amchukie Isabel, basi atamchukia.

Mtoto hasemi kwamba Isabel ni mbaya. Anauliza ruhusa. Anajua kuwa kumpenda mmoja kunaweza kumuumiza mwingine, na yuko tayari kuuminya moyo wake ili mama yake asilie. Nimewaona akina Ben wengi Mtwara. Wanarudi kutoka kwa mama yao siku ya Jumapili wamenuna, hawataki kula chakula cha nyumba ya baba, na mama wa kambo anadhani mtoto amelishwa maneno huko alikotoka. Mara nyingine ni kweli amelishwa. Lakini mara nyingi hakuna aliyemwambia neno. Amekaa tu na mama yake akamuona mnyonge, akaona akirudi anacheka ni kama kumsaliti. Binti yako ana miaka 12, umri ambao hilo ndilo zito kuliko yote. Kukuita mama fulani huenda ndiyo njia aliyoipata ya kuishi nyumba moja na wewe bila kumkosea mtu Newala.

Ila Stepmom nayo inakimbia jambo moja. Karibu na mwisho akina mama wawili wanazungumza. Isabel anasema anaogopa siku ya harusi ya Anna, Anna atatamani mama yake angekuwepo. Jackie anajibu kwamba hofu yake yeye ni kinyume chake, kwamba Anna hatamkumbuka. Ni maneno mazito na machozi ni halali. Hata hivyo, angalia kilichowezesha maneno hayo: Jackie anakaribia kufa. Filamu imemtoa mama mzazi ili mama wa kambo apate pa kukaa. Wewe huna hadithi hiyo. Mwenzako yu hai Newala na Mungu ampe umri. Siku ya binti huyo kuolewa mtakuwepo wote wawili. Na kabla ya harusi kuna unyago, ambao haumo kwenye filamu yoyote ya Hollywood na ndio mtihani wako wa karibu.

Nafikiri unajua mambo ya kwetu. Wamakonde, Wayao, Wamwera na Wamakua tangu asili huhesabu ukoo kwa upande wa mama, na hata pale Uislamu ulipoleta nguvu ya upande wa baba, mjomba bado ana neno. Nani atamchagua somo? Nani atakaa na mwali, nani atasimama mbele siku ya kutoka, nani atatunzwa kanga? Nimeona nyumba zilizokuwa zimetulia zikivurugika ndani ya wiki hiyo moja, kwa sababu mama wa kambo alijitokeza mbele kwa nia njema kabisa, au kwa sababu alikaa ndani akisubiri kuitwa na hakuna aliyemuita. Mambo ya mwali yapangwe mapema. Mume wako aende kwa mjomba wa watoto, aseme wazi: mama yake na upande wake watasimamia, na mke wangu atakuwepo, atafanya kitu fulani kinachojulikana. Kiwe kitu kimoja chenye heshima, mathalani kununua vazi la kutokea. Ukiwa na nafasi inayojulikana, hutakaa ukiwahesabu wanaokutazama.

Nirudi kwenye muda. Patricia Papernow, mwanasaikolojia wa Marekani aliyefanya kazi na familia hizi kwa miongo mingi, aliandika mwaka 1993 kwamba familia ya kambo hupitia hatua, na hata zile zinazokwenda haraka huchukua kama miaka minne kutulia, nyingine saba na zaidi. Hatua ya kwanza ni ya ndoto, pale kila mkubwa anapoamini kwamba kwa kuwa yeye anampenda mwenzake, watoto nao watapendana hapohapo. Filamu nyingi za sasa zinaanza kwenye ndoto, zinapita kwenye ugomvi, na zinafika kwenye kukumbatiana ndani ya saa moja na nusu. Wewe una miaka miwili. Hujachelewa. Uko mahali ambapo familia ya kawaida ya namna yako huwa, na ugumu unaouona ni wa safari yenyewe.

Iko filamu moja iliyouheshimu muda. Ni Boyhood, ya Richard Linklater. Alianza kuipiga mwaka 2002, akawa anawakusanya waigizaji walewale mwaka baada ya mwaka kwa miaka 12, ikatoka mwaka 2014. Tunamwona kijana Mason akikua mbele ya macho yetu kutoka miaka sita hadi kumi na minane. Mama yake anaolewa na mwalimu wake wa chuo, mwanamume mwenye watoto wawili wake. Mwanzo watoto wanne, Mason na dada yake pamoja na hao wawili, wanacheza vizuri. Kisha siku moja baba wa kambo anampeleka Mason kinyozi na kumnyoa nywele zake ndefu zote bila ridhaa yake. Hampigi. Anamnyoa tu. Lakini uso wa mtoto kwenye kile kiti unakuambia kila kitu, na mama anapomwona anajua kuna kitu kimevunjika. Mwanamume huyo alikuwa na ulevi na ukali mkubwa zaidi ya hapo, lakini kipande cha kinyozi ndicho ninachowaonyesha wazazi wa kambo ninapokaa nao. Mamlaka yaliyotangulia mazoea huwa ni jeraha, hata kama sababu ni ndogo kama nywele, au sketi fupi, au simu mezani.

Kwa hiyo usimchape mtoto wa mwenzako, na hata kumkanya kwa ukali mwachie baba yake kwa sasa. Baba awaambie watoto wake, kwa mdomo wake na wewe ukiwepo, kwamba taratibu za nyumba ni hizi na mimi nisipokuwepo mama huyu anazisimamia. Ukisema "baba yenu amesema vyombo vioshwe kabla ya giza," unasimamia neno lake. Ukisema "mimi nimesema," binti atapima kama una haki ya kusema.

Kwenye filamu hiyohiyo, mama anapomkimbia yule mwanamume anawachukua wanawe tu. Wale wengine wawili wanabaki na baba yao mlevi, na dada yake Mason anauliza kwa nini hawakuchukuliwa. Hakuna jibu zuri. Watoto waliokuwa ndugu kwa miaka wanatoweka kwenye maisha ya wenzao. Mwanao wa miaka sita na yule wa miaka minane sasa hivi wanacheza mpira mmoja. Hao wawili pengine wameshatangulia mbele yenu nyote, na upendo wao unastahili kulindwa hata siku ambazo wakubwa hamuelewani.

Mume wako anasema uvumilie. Namheshimu, lakini neno hilo halitoshi, na ningependa alisome jibu hili. Wewe uliambiwa ukipenda boga upende na ua lake, na umelipenda. Yeye ndiye kiungo pekee kati ya watu wote wa nyumba hiyo. Akinyamaza, mnabaki wageni mnaokula sinia moja. Mambo ya Newala ayaseme yeye, sare na ada na ruhusa ya likizo, apige simu yeye, asikuagize wewe wala asiwaagize watoto kama tarishi. Awe na muda na binti yake peke yao, hata ni kutembea kwenda shambani kuangalia mikorosho na kurudi. Tangu ulipokuja wewe na mwanao, binti amepoteza sehemu ya baba yake. Akiirudishiwa hiyo, atakuwa na sababu ndogo ya kukutazama kama uliyeichukua.

Na fedha. Filamu karibu zote zinaliruka hili, wakati kwetu ndilo linalofanya watoto wahesabu. Minada ikianza Oktoba na malipo ya korosho yakaingia, kila mtoto anaangalia nani amenunuliwa viatu. Mzee akinunua kimyakimya kwa ajili ya wanawe pekee, mwanao ataona. Akikupa wewe ukanunue, na binti akapata vya bei ndogo kwa bahati mbaya tu, filamu yote ya pasi itamrudia kichwani. Awakalishe wote watatu, aseme msimu huu kila mmoja atapata sare, viatu na madaftari, na kilichobaki kinakwenda wapi. Anunue mbele yao. Ugomvi mwingi unaofika ofisini kwangu mwezi Januari ulianzia Desemba dukani.

Kuhusu kuwazuia wasiangalie, hapana. Ukizima king'amuzi leo wataona kibanda umiza kesho, na huko hakuna wa kuzungumza naye. Leon na Angst, wale watafiti niliowataja, walipendekeza filamu hizi zitumike kuzungumzia maisha ya familia za kambo, nami nimeona inafanya kazi. Siri yake ni kuuliza kuhusu mhusika. Usimuulize binti "kwani mimi niko hivyo?" maana umemweka kizimbani. Muulize "huyu mtoto angemwambia nani?" au "wewe ungemshauri nini baba yake?" Atakujibu mambo ya nyumbani kwenu huku akidhani anazungumzia ya kwenye skrini, au akijua vizuri kabisa na akashukuru kwamba hujamlazimisha kuyataja. Akikujibu, usimsahihishe. Na yule mama wa kambo katili akitokea tena, usijitetee. Sema tu kwamba anachofanya ni kibaya, na kwamba mtoto yeyote anayefanyiwa hivyo aseme kwa mtu mzima anayemwamini, hata kama anayemtesa ni wa nyumbani. Hiyo anahitaji kuisikia kutoka kwako hasa.

La mwisho, jina. Usimtake akuite mama. Mwache baba yake amuulize wakiwa peke yao angependa kukuitaje, na ampe majina ya heshima ambayo hayamnyang'anyi mtu nafasi. Kwetu mama mdogo ni jina zuri na lina uzito wake. Akichagua kuendelea na mama fulani, liitikie kwa sauti ileile unayomwitikia mwanao, na wala usimuulize tena. Ila mdogo wake wa miaka minane akianza mwenyewe kukuita mama, mwitikie pia, lakini usimsifie mbele ya dada yake, na mama yao wa Newala aambiwe na baba yao mapema, kabla hajalisikia kwa mtoto mwenyewe siku ya Idi.